Mshindo mkubwa si lazima uwe wimbi la mvutano
Wengi hudhani vigunduzi vya LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati inayotoka mbali angani), vikitikisika sana, basi wimbi la mvutano limepita. Wapi! Tarehe 17 Agosti 2017, kigunduzi cha Livingston, Marekani, kilirekodi mshtuko mkali sekunde 1.1 hivi kabla wimbi la kuungana kwa nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota kubwa zilizolipuka) halijafika kilele. Kelele tupu ya mtambo, ikaisha kufumba na kufumbua. Kwa sababu ya kelele hiyo, kompyuta ikatoa taarifa ya wimbi kwa data ya Hanford, kigunduzi kingine cha LIGO, peke yake. Watafiti walipoichora data ya Livingston wakauona mstari mwembamba ukipanda, taratibu mwanzoni kisha kwa kasi, kutoka masafa ya chini hadi ya juu. Hanford, takriban kilomita 3,000 kutoka hapo, ilikuwa na mstari uleule. Mshtuko haikuwa nao. Wakaukata mshtuko huo, ule mstari, yaani ishara ya wimbi, ukabaki.