Kubandika vidude vingi hakufanyi diorama ionekane ya kweli

Watu wengi wanaamini ukitaka chombo cha anga za juu kwenye diorama, yaani ile mandhari ndogo ya modeli, kionekane kikubwa, we bandika tu vidude mpaka pasibaki nafasi. Hapana jamani. Utetezi wao huwa ni kwamba mafundi wa filamu ya Star Wars ya 1977 walifanya hivyohivyo, na kweli walichukua vipande vya vifaru na ndege za kuunga za plastiki wakagandisha kwenye modeli zao, ila icheki ile meli kubwa ya anga ya pembetatu kwenye filamu, vidude vimesongamana kwenye mfereji wa ubavuni na kule juu kwenye mnara, halafu mgongo wake mpana umeachwa na paneli tu, jicho linapata pa kupumzika.

Kinachoharibu zaidi ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi. Tuseme unajenga kwa 1/72, ndogo mara 72, mtu wa mita 1.75 anakuwa kama milimita 24 hivi, sasa ukigandisha shanga ya milimita 2 ukasema ni ribiti (msumari wa kuunganisha mabati), kiuhalisia hiyo ni ribiti ya sentimita 14, sahani ya chai kabisa! Ribiti ya sentimita 2 inatakiwa iwe robo milimita na ushee, yaani nukta ya ncha ya sindano iliyobonyezwa kwa nyuma ya karatasi ya foili inatosha sana.

Rangi nayo, we chovya brashi ndogo kwenye nyeusi iliyozimuliwa, gusa kwenye kona za paneli, kabla haijakauka kabisa futa juujuu. Na kama chombo kimetua sayarini, uchafu uchirizike kwenda chini, sio ovyoovyo.