Jamani, usonji hauletwi na simu

Nimechoka. Haipiti wiki bila mzazi kuja na mtoto wa miaka miwili na nusu asiyeongea, na kabla sijauliza chochote jibu ninalo tayari: "Dokta, simu ndo imempa usonji." (Mi siyo dokta, ni mtaalamu wa tiba ya usemi, ila hiyo vita nilishaiacha.) Usonji, yaani autism, ile hali ya mtoto kupata shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu, unaanza kwenye ubongo mapema mno, mtoto hajajua hata simu ni nini. Daktari Leo Kanner kule Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943, na tableti zilikuwa wapi? Tuendelee.

Wanaonimaliza kabisa ni wa upande wa pili. Mtoto haiti mama lakini anahesabu "wani, tuu, thirii" mpaka ishirini, rangi zote anataja kwa Kiingereza cha katuni, na baba kashajaa, eti huyu rubani. Baba, kutaja siyo kuongea. Hebu mwangalie akitaka juisi: anamshika mama kiganja, anamkokota mpaka kwenye friji, anaubandika ule mkono mlangoni kama ufunguo, macho kwenye friji tu, uso wa mama hauangalii hata mara moja. Sasa kuna mwingine hana neno hata moja, ila ananyoosha kidole kwenye friji, anamgeukia mama, anarudi kwenye friji, "eee!" Huyu hanipi presha sana, maana ameshajua kuna mtu wa kuambiwa. Hicho ndo katuni haiwezi kumpa, kwa sababu haimsubiri, ajibu asijibu yenyewe inaendelea tu.

Halafu watu wanabeba kila kitu wanakiita skrini. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, wakacheza na watu wanaoongea Kichina, wakajua kutofautisha sauti za Kichina, ila waliowekewa watu walewale kwenye DVD hawakuambulia kitu. 2014 mtafiti mwingine, Roseberry, na wenzake wakajaribu simu ya vidio ya Skype kwa watoto wa miaka miwili mpaka miwili na nusu: mtu akiwa hewani anawajibu, maneno mapya wanayashika, ila vidio iliyorekodiwa hola. Kwa hiyo mama unayekata simu ya vidio ya bibi wa Tanga kwa sababu WHO mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, tafadhali, mpigie tena bibi. Mtoto anamwonyesha sahani, bibi anauliza "umekula nini mume wangu?", mtoto anainua tonge, bibi anajidai kalimeza, mtoto anacheka anainua lingine. Hayo ni mazungumzo, tena mazuri kuliko mengi ninayoyaona hapa ofisini.

Na simu yako wewe je? Mtoto ananyoosha kidole, uko bize na magrupu. Siongezi neno.

Ila nisiwadanganye, kuna kitu vitabuni wanakipita haraka. Tafiti nyingi zinaonyesha masaa mengi ya skrini yanaendana na kuchelewa kuongea, sawa, lakini nani kamvuta mwenzake? Mtoto mwenye shida ya kuwasiliana ni msumbufu, akipewa simu anatulia, basi anapewa tena na tena, kwa hiyo yale masaa sita ya skrini unayoniambia mzazi yanaweza kuwa yameletwa na shida yenyewe. Nimeona watoto waliozimiwa katuni wakafunguka, kweli, ila nyumba hizohizo jioni nzima mtu alikuwa anakaa chini kucheza nao. Kilichosaidia ni kipi? Mi hata leo siwezi kukutenganishia.

Na masikio yamepimwa? Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza asiitike vizuri akiitwa, na simu ataikodolea macho vilevile maana picha inaangaliwa tu. Njoo na majibu ya kipimo kwanza, hesabu ya masaa tutaifanya baadaye.