Nanoplastiki: kwa nini hazitui majini

Nanoplastiki ni vipande vya plastiki vidogo kuliko mikrometa 1, yaani nanometa 1,000. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo hata kipande kikubwa kabisa cha kundi hili hakionekani kwa macho. Wapo wataalamu wanaotaka kikomo kiwe nanometa 100, kama kwa chembe nyingine za nano. Vinatokana na plastiki tunayoijua: mifuko na nyavu zilizochakazwa na jua, vumbi la matairi, nyuzi za nguo za polista zinazotoka kila zinapofuliwa.

Mchanga ukiingia majini huzama kwa uzito wake. Chembe ya nanometa 100 uzito wake ni mdogo mno, hata molekuli za maji zinazoigonga huku na huku zinatosha kuifanya itangetange bila kutua. Mtaalamu wa mimea wa Uskoti, Robert Brown, aliuona mwendo huo chini ya hadubini mwaka 1827 akichunguza chavua, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Lakini mwendo huo peke yake hautoshi kuzifanya zielee daima. Chembe zikigongana zingeweza kushikana, zikawa bonge, bonge likazama. Kinachozuia ni chaji ya umeme: katika maji ya mto au ziwa, nyingi zina chaji hasi juu ya ngozi yake, na chaji zinazofanana husukumana. Tena majani yaliyooza hutoa asidi za humiki, zile zinazoyapa maji rangi ya chai, nazo huzivika chembe koti linalozidisha kutengana.

Chumvi hubadilisha mambo. Sodiamu, na zaidi sana kalsiamu na magnesiamu, huififisha ile chaji. Chembe zinakaribiana, zinagandamana. Ndiyo maana mahali pa kuangalia ni pale mto unapoingia baharini, kama Rufiji inapokutana na Bahari ya Hindi: maji ya chumvi yanasukuma chembe zijikusanye, zikishikamana pia na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mto, kisha zitue kwenye tope. Kwa hiyo kupima maji ya juu peke yake kunaweza kukudanganya.

Mitambo ya maji hutumia hila hiyohiyo. Shabu, ile ambayo watu huizungusha ndani ya ndoo ya maji ya mto, hutoa alumini yenye chaji chanya. Inaifuta chaji hasi, uchafu unakuwa mabonge, mabonge yanatua, na mchanga wa kuchujia unanasa sehemu kubwa ya yaliyobaki. Klorini ni kwa ajili ya vijidudu, plastiki haiiondoi.

Maji ya chupa nayo hayakusalimika. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima chapa tatu kwa leza wakakuta wastani wa chembe kama 240,000 kwa lita, takriban asilimia 90 zikiwa nanoplastiki. Iliyoongoza ni poliamidi, plastiki inayotumika kwenye vichujio vya kusafishia maji yenyewe. Kejeli hiyo haihitaji maelezo.

Mwaka huohuo watafiti wa Guangzhou, China, walichemsha maji yaliyotiwa chembe za plastiki kwa dakika tano. Katika maji magumu, yenye miligramu 300 za kalsiamu kabonati kwa lita, karibu asilimia 90 zilitoka. Katika maji laini, kama asilimia 25 tu. Moto hauyeyushi plastiki hapo: kalsiamu kabonati hujitenga na maji yanapopata joto, ikazifunga chembe ndani yake. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu. Ule ukoko mweupe wa sufuriani, basi, uachwe utulie, maji yamiminwe taratibu kwenye kitambaa safi kilichofumwa kwa kubana, na ya chini yamwagwe.