Maneno ya mtaalamu yakikatwa, mwenye kulalamika ni nani?

Majuma haya dawati letu la malalamiko limejaa barua za makundi mawili ya utetezi yanayovutana juu ya filamu moja ya makala. Kundi la kwanza linasema mtaalamu aliyehojiwa ametiliwa maneno mdomoni. La pili linajibu kwamba alisema mwenyewe, watu wamemsikia, na sasa anabanwa akanushe. Siitaji filamu wala mtaalamu, maana shauri halijasikizwa. Ninachoweza kusema ni kwamba katika barua zote hizo, hakuna hata moja iliyotoka kwa mtaalamu mwenyewe.

Nitaeleza kwa nini hilo ni tatizo kwa kutumia kisa cha Uingereza ambacho kimekwisha na uamuzi wake ulitangazwa hadharani.

Tarehe 8 Machi 2007, Channel 4 ilirusha hewani The Great Global Warming Swindle, filamu ya Martin Durkin iliyopinga kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu cha ongezeko la joto duniani. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwemo Carl Wunsch, profesa wa sayansi ya bahari katika chuo cha MIT, Marekani. Profesa huyo alieleza kwamba bahari ikipata joto huachilia kaboni dioksidi na ikipoa huivuta. Mwenye duka aliyewahi kusahau kreti ya soda juani anaujua mwenendo huo. Alivyoandika baadaye, nia yake ilikuwa kuonya: bahari ni ghala kubwa mno la kaboni, na kuipasha joto ni kucheza na hatari. Lakini kipande hicho kilipachikwa mahali ambapo mtazamaji angeelewa kinyume, kwamba bahari ikiwa na gesi nyingi kiasi hicho, basi mchango wa binadamu si kitu. Sauti ilikuwa yake na uso ulikuwa wake. Kilichomgeuka ni yale yaliyotangulia na yale yaliyofuata.

Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, ilipokea malalamiko 265. Moja, lililoandaliwa na kundi lililojumuisha wanasayansi, lilikuwa na kurasa 176. Uamuzi ulitoka tarehe 21 Julai 2008, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na naomba usomwe polepole. Katika dai la kwamba filamu ilipotosha umma kuhusu sayansi, Ofcom ilikataa: ilisema si kazi yake kuamua mjadala wa kisayansi, na kwamba watazamaji hawakupotoshwa kwa kiasi cha kuwaletea madhara. Ilikuta kosa la kutozingatia usawa wa maoni katika sehemu ya mwisho tu, iliyohusu sera zinazodaiwa kuzuia maendeleo ya nchi maskini. Sehemu hiyo ilipigwa picha kwetu Kenya, katika kliniki ya kijijini yenye paneli za sola zisizoweza kuwasha taa na jokofu kwa wakati mmoja.

Waliofanikiwa zaidi ni waliosema, "Mimi ndiye niliyekosewa." Wunsch alilalamika kwa jina lake, na sehemu ya lalamiko lake ikakubaliwa: hakuelezwa vya kutosha filamu ilikuwa na mwelekeo gani kabla ya kukubali kuhojiwa. David King, aliyekuwa mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya Uingereza, alipata haki kwa sababu filamu ilimnasibishia kauli isiyokuwa yake. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, nalo lilikubaliwa kwa sehemu. Channel 4 haikutozwa faini. Iliamriwa kutangaza muhtasari wa uamuzi.

Siku hiyo hiyo kila upande ulishangilia. Wapinzani wa filamu walisema imehukumiwa, na watetezi wake wakasema imesafishwa. Nasikia ushangiliaji wa namna hiyo karibu kila wiki kwenye simu ya ofisi, na nakiri unanichosha. Kuna malalamiko ya aina mbili na hayachanganywi. Moja ni kwamba kipindi kimeupotosha umma. Jingine ni kwamba kipindi kimemkosea mtu fulani aliyeshiriki au kutajwa. La kwanza kundi lolote linaweza kulileta. La pili ni la mwenye maneno, au la mtu aliyeidhinishwa naye. Wanaharakati hawawezi kudai kwa niaba yake asiyewatuma, hata wakimpenda kama ndugu.

Kwetu Kenya msingi upo. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Someni neno hilo la mwisho: zinazomwathiri. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 nayo inamtaja aliyekosewa, na inamtaka aeleze mambo matatu: sababu za lalamiko, madhara aliyopata, na nafuu anayoitaka. Anaweza kulileta kwa maandishi au kwa mdomo, na la mdomo huandikwa. Barua nyingi zinazotufikia zina sababu kurasa nne, madhara mstari mmoja, na nafuu hazina kabisa, isipokuwa "filamu ipigwe marufuku".

Kuhusu adhabu, Tume ya Malalamiko ya Baraza hilo inaweza kuamuru kuombwa radhi na kuchapishwa masahihisho, kutoa karipio la hadharani, au kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa chombo cha habari na shilingi 100,000 kwa mwanahabari. Inaweza pia kupendekeza mwanahabari asimamishwe au aondolewe katika orodha ya wanahabari. Wanaotaja faini ya shilingi milioni 20 wanasoma sheria nyingine, ile ya Habari na Mawasiliano iliyorekebishwa mwaka huo huo wa 2013, ambayo iliunda baraza lake la rufaa. Tafadhali msizichanganye sheria hizo mbili katika barua moja.

Sasa nije kwenye ushahidi, maana hapo ndipo mashauri hushinda au hufia. Klipu ya sekunde ishirini inayozunguka kwenye WhatsApp haithibitishi chochote, iwe imetumwa mara kumi au mara laki. Kinachohitajika ni mahojiano mazima kabla hayajahaririwa, pamoja na maneno ambayo mtaalamu aliambiwa alipoalikwa. Chukua mfano wa mtaalamu wa kilimo anayesema, "Dawa hii haina madhara ukivaa glavu na barakoa, na ukikaa siku saba kabla ya kuvuna." Mhariri akikata baada ya "haina madhara", sikio makini husikia: sauti haishuki kama inavyoshuka mtu anapomaliza sentensi, inabaki juu inasubiri. Mara nyingi hapo hapo picha huhama ghafla kwenda shambani ili mshono usionekane. Hiyo ni dalili tu. Watayarishaji hukata kila siku kwa sababu za haki kabisa, kwa kuwa mahojiano ya saa mbili hayaingii katika dakika tano. Mkanda mzima ndio unaoonyesha kama kukata kumegeuza maana.

Kwa hiyo mtaalamu akialikwa, na aombe barua au baruapepe inayosema filamu inahusu nini, inakusudia kuonyesha nini, na nani wengine watahojiwa. Kisha aihifadhi. Aweke simu yake mezani irekodi, na amwambie mtayarishaji kwamba anarekodi. Mtayarishaji mwema hatakasirika. Wengi wao, nasema kwa uzoefu, wanafurahi, kwa sababu rekodi hiyo huwalinda na wao pia mtaalamu anapobadilisha maneno baada ya kushinikizwa na makundi. Hilo nalo hutokea, na kundi la pili katika barua hizi lina haki ya kuliuliza.

Makundi yote mawili yamepewa majibu ya maandishi. Ikiwa mtaalamu mwenyewe anasoma haya, dawati liko wazi siku zote za kazi, na hahitaji kuja na kundi lolote. Faili lenye jina lake bado ni tupu.