Je, Wajua kwa Nini Vim Huendeshwa kwa Herufi h, j, k na l?

Mwanafunzi wa programu anayefungua Vim, kihariri cha maandishi, kwa mara ya kwanza, awe chuoni Maseno au katika saiba mjini Kisumu, huandika neno Habari na kuona skrini ikionyesha bari peke yake. Kibodi haijaharibika. Vim huanza katika hali ambayo kila kitufe ni amri: H kubwa hupeleka kielekezi juu ya skrini, na a hukiambia kihariri kianze kupokea maandishi, kwa hiyo ni herufi zinazofuata tu zinazoandikwa. Kurudi katika hali ya amri ni kubonyeza Esc, na kutoka bila kuhifadhi ni kuandika :q! kisha Enter. Katika hali hiyo ya amri, h husogeza kielekezi kushoto, j chini, k juu na l kulia.

Mpangilio huo ulirithiwa kutoka kwa kihariri cha vi, ambacho Bill Joy alikiandika mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alitumia teminali (skrini na kibodi za kuwasiliana na kompyuta) aina ya ADM-3A, ambayo haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l zenyewe. Esc nayo ilikuwa mahali ambapo leo pana Tab, karibu kabisa na kidole, jambo linaloeleza kwa nini Joy aliipa kazi nyingi hivyo. Katika kibodi za sasa imesukumwa pembeni, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kero ya kweli ya Vim, wala si zile herufi nne. Alama ya ~ inayosimama badala ya folda ya nyumbani ya mtumiaji ina asili hiyohiyo, kwa kuwa katika teminali ile ilikaa kwenye kitufe kimoja na neno HOME.

Sababu ya pili ni kasi. Modemu ya biti 300 kwa sekunde, kama ile ambayo Joy aliitumia akiwa nyumbani, hupitisha takriban herufi 30 kwa sekunde, ilhali skrini ya safu 80 na mistari 24 ina nafasi za herufi 1,920. Kuichora upya yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana dd inatosha kufuta mstari mzima, na 3dd hufuta mitatu.

Amri za Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mwaka 1969, zilifupishwa kwa shinikizo la aina hiyohiyo. Mashine ya Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, tena kwenye karatasi, na vitufe vyake vilikuwa vizito. Hivyo tukapata ls (kuorodhesha faili), cp (kunakili), mv (kuhamisha) na rm (kufuta), ambazo zikifanikiwa kazi yake mara nyingi hunyamaza. Ukimya wa rm ni hatari kwa anayeanza, kwani faili iliyofutwa nayo haiendi kwenye pipa la taka. Ni afadhali kuandika rm -i, ambayo huuliza kwanza.

Kwa wiki za mwanzo, kihariri chepesi cha nano kinatosha, maana huonyesha amri zake chini ya skrini. Lakini mtu aliye Kisumu akiingia kwa ssh, programu ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri, katika seva iliyo nchi nyingine, akitumia data ya simu, hupokea maandishi matupu, ambayo ni mepesi mno, na huko karibu kila mara atakikuta vi au mrithi wake.

Mrithi huyo ana uhusiano na upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, kisha akawaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa huko. Maelezo yake yamo ndani ya programu yenyewe: andika :help uganda, kisha ubonyeze Enter.