Ujemadari wa Mtwa Mkwawa: kutoka Lugalo hadi Mlambalasi

Kila ninapowapeleka wanafunzi wangu wa historia Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, swali la kwanza huwa ni mahali alipokuwa amesimama Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, siku walipopigana na Wajerumani mwaka 1891. Jibu langu huwavunja moyo, kwa kuwa masimulizi mengi ya Wahehe yanasema aliyeongoza vita pale bondeni ni ndugu yake, Mpangile. Kwangu mimi hilo halimpunguzii Mtwa hadhi hata kidogo, kwa sababu jemadari aliyeweza kumkabidhi mwingine jeshi lake lote katika siku kubwa namna ile alikuwa na uhakika na mfumo alioujenga.

Mfumo huo ulianzia kwa baba yake, Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Uhehe kabla ya kufariki mwaka 1879. Mkwawa alipokwisha kumshinda Mwamubambe katika vita vya urithi, aliwaweka wanzagila, yaani wasaidizi wake wa mikoani, kila mmoja akiwajibika kuleta wapiganaji anapoitwa. Wasangu wa mtawala Merere walilionja jeshi hilo mapema, wakasukumwa hadi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, kilikuwa kikipita kwenye njia nyembamba kwa mstari mmoja mrefu, huku mizinga ikiwa imefungwa juu ya punda na askari wengi wakiwa hawajajaza risasi bunduki zao. Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe, hatua chache kutoka njiani. Mkuki haufai kitu mbele ya bunduki iliyo umbali wa mita 200, lakini kwa umbali wa hatua 30 mwenye bunduki tupu hana muda wa kuijaza, na ujuzi wote wa Lugalo umo katika hesabu hiyo. Muda mfupi baadaye Zelewski alikuwa ameuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na bunduki zipatazo 300 zikawa mikononi mwa Wahehe.

Kosa ninalomlaumu nalo Mkwawa, ingawa najua baadhi ya wazee wa Kalenga, yaliyokuwa makao yake makuu, hawapendi kulisikia, ni kuitegemea ngome. Ukuta wa Kalenga ulikuwa na kimo cha takribani mita 4 na ulizunguka eneo kubwa mno. Ungemzuia Mngoni au Msangu, lakini kwa wenye mizinga ulikuwa shabaha isiyohama. Jeshi ambalo nguvu yake ilikuwa kujificha na kushtukiza sasa lilikaa mahali ambapo adui alipajua. Gavana wa Kijerumani von Schele alifika mwishoni mwa Oktoba 1894, akaipiga ngome kwa mizinga, na tarehe 30 ikaanguka. Mtwa aliponyoka.

Miaka karibu 4 iliyofuata ndiyo inayonishangaza zaidi. Hakuwa tena na ngome wala jeshi kubwa, na kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000, lakini vijiji viliendelea kumpelekea chakula na habari za doria. Ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alijaribu kumpa Mpangile utawala mwishoni mwa 1896. Haikupita miezi mitatu, Wajerumani wakamnyonga wenyewe kwa kumshuku kuwa anamsaidia ndugu yake. Walichoweza hatimaye ni kumtenga Mtwa na watu wake kwa njaa na misako, hadi akabaki na wafuasi wachache sana.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, doria ya sajini Merkl iliona watu wawili wamelala kando ya moto. Askari walinyata, wakalenga, wakafyatua, na waliposogea wakakuta wamewapiga maiti: Mkwawa alikuwa amekwisha kujipiga risasi mwenyewe.