Kwa nini aliyeanguka mnazini hainuliwi papo hapo?

Huku Pangani, Muheza na Mkinga, mkwezi akidondoka mnazini watu hukimbilia kumkalisha. Hushikwa kwapani, akapewa maji, kisha akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda: dereva mbele, jirani nyuma, majeruhi katikati. Nia ni njema. Kinachoumiza ni mkao.

Uti wa mgongo una pingili 33. Katikati yake unapita ugwe mgongo, kamba ya neva, mnene kama kidole cha mwisho cha mkono, unaotoka kwenye ubongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mnazi mrefu hupita mita 20. Anayetua kwa miguu huvunjika kisigino, na kishindo hupanda hadi pale kifua kinapopakana na kiuno, kikasaga pingili ya 12 ya kifua au ya kwanza ya kiuno. Kwa hiyo hata akilalamikia kisigino peke yake, mchukulie kuwa na mgongo umevunjika mpaka eksirei ikatae. Pingili iliyosagika mbele, mtu akikunjwa kama anavyokaa kwenye pikipiki, husukuma kipande cha mfupa nyuma, kwenye ugwe. Mfupa huunga. Ugwe ukikatika hauungi.

Kabla ya kumgusa, tazama juu: kuti au nazi iliyolegea bado inaweza kushuka. Kisha sikiliza pumzi. Akikoroma au koo likigugumia, pumzi inatangulia shingo, kwa sababu ugwe uliojeruhiwa ukikosa hewa huzidi kufa. Weka vidole nyuma ya kona za taya la chini, ulisukume mbele bila kuinua kidevu. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja.

Kugeuza huko kunataka watu wanne: mmoja kichwani, wengine upande mmoja, wakishika bega, nyonga na miguu. Anayehesabu ni wa kichwani peke yake, na pua ibaki kwenye mstari mmoja na kitovu. Mambo huharibika pale wa miguuni anapoanza kabla ya hesabu, au wa kichwani anapovuta shingo akidhani anainyoosha. Shingo iliyopinda na inayouma au kugoma ikirudishwa, iacheni ilivyo.

Kumbebea, ng'oeni mlango. Kitanda cha kamba hakifai hata kikiwa karibu, maana hubonyea katikati na mgongo hukunjika palepale tusipotaka. Viringisheni kanga mbili, moja kila upande wa kichwa. Kirikuu ya mizigo inayomlaza chali ni bora kuliko bodaboda iliyofika mapema, hata mkiingoja kidogo. Maji na chakula asipewe. Huenda akahitaji upasuaji.

Njiani angalieni kifua. Tumbo likipanda na kushuka huku mbavu zimetulia, ugwe umeumia shingoni: neva za kiwambo, msuli mkuu wa pumzi, hutoka pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo, na za misuli ya mbavu hutoka chini zaidi. Mtu huyo anaweza kuchoka kupumua ghafla. Ngozi yenye joto na mapigo ya polepole, presha ikiwa imeshuka, huelekeza kwenye ugwe. Ngozi baridi yenye jasho na mapigo ya mbio ni damu inavuja mahali, na paja lililovunjika peke yake huweza kumeza lita nzima au zaidi bila tone kuonekana nje.

Mkifika Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, au kituo kilicho karibu, semeni saa aliyoanguka, kama vidole vya miguu vilicheza mara ya kwanza, na kama amejikojolea bila kujua. Pia waambieni amelala juu ya mlango tangu saa ngapi. Ubao ni wa kubebea tu: ngozi iliyokufa ganzi haisikii inapobanwa, na saa chache juu ya mbao ngumu hutosha kuanzisha kidonda makalioni.